Masaibu ya Ulimi Mwepesi: Msemaji wa Kiswahili Nchini Japani

Mkazi wa Dar es Salaam au Mombasa huanza kusemeshwa Kijapani miaka mingi kabla ya kufikiria kuomba pasipoti, kwa kuwa magari mengi ya mitumba yanayoteremshwa katika bandari za miji hiyo hutoka Japani yakiwa na vikorokoro vyake vyote, kikiwamo kisanduku kidogo kinachosoma kadi ya kulipia barabara kuu za huko, mfumo unaojulikana kwa herufi ETC, ambacho kila gari linapowashwa hutoa sauti ya kike yenye adabu isiyopungua, ikimweleza dereva kwamba kadi haijaingizwa. Dereva wa Vitz anayepita Ubungo asubuhi hajui sauti ile inadai nini, wala hajali, ilimradi gari linakwenda. Redio nayo, iliyoundwa kupokea masafa ya FM ya Kijapani ya megahezi 76 hadi 90, humnyima vituo vingi vya nyumbani, naye huisamehe. Mazoea haya ya kusemeshwa bila kuelewa na kuendelea na safari ndiyo ambayo wengi huondoka nayo wanapokwenda kusoma Japani, ama kwa ufadhili wa serikali ya nchi hiyo uitwao MEXT, ama kwa mpango wa ABE uliotangazwa mwaka 2013 kwa ajili ya vijana wa Afrika.

Imezoeleka kudhaniwa kwamba mgeni hutaabika kwa sababu hawezi kuitamka lugha ya wenyeji wake, lakini msemaji wa Kiswahili hutaabika kwa sababu anaitamka vizuri mno. Kijapani kina irabu tano zilezile za Kiswahili, silabi zake karibu zote huishia kwa irabu, na hata ile n inayosimama peke yake kama silabi haimtishi mtu aliyekua akisema nchi na nta. Basi mwanafunzi aliyehudhuria darasa kwa majuma machache huweza kumuuliza mzee wa mtaani kituo cha treni kiko wapi, kwa lafudhi safi kiasi kwamba mzee huamini amekutana na mtu aliyeishi nchini humo tangu utotoni, akamjibu kwa kasi ya kawaida, akiongeza habari za ukarabati wa kituo na njia ya mkato inayopita nyuma ya posta. Mwingereza akiuliza swali hilohilo kwa Kijapani chake cha kukwaruza huonewa huruma na kusindikizwa hadi mlangoni. Mswahili, ulimi umekwisha kumponza, huitikia kwa kichwa mpaka maelezo yaishe, hushukuru kwa matamshi yasiyo na dosari, kisha hushika njia isiyo yake huku mzee akimtazama kwa mshangao.

Pale ambapo ulimi huo huteleza ni katika urefu wa irabu, kwa maana Kijapani hutofautisha irabu fupi na ndefu, ilhali msemaji wa Kiswahili huelekea kuikazia na kuivuta silabi ya pili kutoka mwisho popote aionapo. Neno obasan, linalomtaja shangazi au mama mdogo na hutumiwa pia kwa mwanamke wa makamo, likivutwa kidogo katikati huwa obaasan, yaani bibi kizee. Katika mwambao wa Afrika Mashariki mtu hapungukiwi na kitu kwa kuongezewa umri, maana heshima huja na miaka, lakini mwenye duka wa miaka arobaini na kitu anayeamkiwa asubuhi kama bibi kizee, tena kwa sauti ya furaha na unyenyekevu, huhitaji uvumilivu mkubwa kumrudishia mteja huyo chenji yake. Lipo pia neno la Kijapani linalomtaja dubu, ambalo limo katika jina la mkoa mmoja mashuhuri wa kisiwa cha Kyushu na la kikaragosi cha kuutangaza mkoa huo kilichobuniwa mwaka 2010, nalo halitaandikwa hapa kwa kuwa insha hii huenda ikasomwa mbele ya wakwe. Inatosha kusema kwamba wasemaji wa Kiswahili hulisikia katika taarifa ya hali ya hewa na kuinamisha macho.

Uwanja mkuu wa masaibu, hata hivyo, ni konbini, yaani duka dogo lililo wazi saa 24, ambalo Japani inayo zaidi ya 50,000 ya aina yake. Mteja hapo hapatani bei. Huulizwa maswali, na maswali yenyewe huulizwa kwa keigo, Kijapani cha heshima kuu ambacho hubadilisha vitenzi mpaka kile kilichofundishwa darasani hakitambuliki kikija dukani. Keshia hutaka kujua kama mteja ana kadi ya pointi, kama anahitaji mfuko, kama chakula kipashwe moto, na kama atiliwe vijiti vya kulia. Mgeni, ambaye ameshika neno moja tu, hai, lenye maana ya ndiyo, hulitoa kwa kila swali kwa uhakika wa shahidi mahakamani. Keshia basi hukinga mikono yote miwili kuipokea kadi isiyokuwapo. Mfuko wa plastiki, ambao tangu Julai 1, 2020 hautolewi bure, huongezwa kwenye hesabu. Na mlo uliokusudiwa kuliwa jioni huingizwa kwenye maikrowevu na kurudi ukifuka moshi, pamoja na kabichi yake mbichi ambayo sasa si mbichi tena.

Akiisha kuumwa na nyoka huyo, mgeni hufanya utafiti na kugundua neno daijobu, ambalo vitabuni huelezwa kuwa ni hakuna tatizo, na dukani hutumika kukataa kwa upole. Siku inayofuata huingia dukani kifua mbele, bila kujua kwamba keshia naye analitumia, na kwamba humuuliza mteja kama mfuko ni daijobu, maana yake kama mambo yatakwenda sawa bila huo mfuko. Mgeni hujibu hai, kwa kuwa leo anautaka. Ndiyo ya jana ilimletea mfuko, ndiyo ya leo imemnyima, na mtu mzima mwenye shahada hutoka barabarani amekumbatia mchuzi wa moto kifuani, hana hata kijiti.

Anayetaka kuepuka maswali hununua onigiri, tonge la wali lenye pembe tatu lililozungushiwa mwani wa aina nyingine na ule unaolimwa Paje, Zanzibar. Wali na mwani hutenganishwa kwa tabaka la plastiki ili mwani usilainike, na juu ya plastiki hiyo huandikwa tarakimu 1, 2 na 3: kwanza huvutwa utepe wa katikati kuanzia kileleni hadi chini na kuzunguka nyuma, kisha huvutwa pembe moja, halafu ya pili. Asiyejali tarakimu hizo hubaki na wali mkono wa kulia na mwani uliokwama ndani ya plastiki mkono wa kushoto, na akitia tonge kinywani hukutana na umeboshi, tunda dogo mfano wa plamu lililotiwa chumvi na lenye ukali wa kumfumba mtu macho, kwa sababu maandishi yaliyotaja kilichomo ndani alikuwa bado hajayaweza.

Maandishi hayo humwandama hadi chooni. Mtu wa Pwani, aliyelelewa na kopo, hana haja ya kuelezwa faida ya maji mahali hapo, na choo chenye kiti cha moto na bomba jembamba la kusafishia, kilichoanza kuuzwa na kampuni ya TOTO mwaka 1980 kwa jina la Washlet, humfanya ajione amefika kwa watu waungwana. Kuyafungulia maji hayo si kazi. Kuyafunga ndiko kunakotaka elimu, kwani vitufe vilivyopangwa ukutani huandikwa kwa kanji, alama za asili ya Kichina ambazo orodha yake rasmi ya matumizi ya kawaida ina 2,136. Mwingine hubonyeza kinachoitwa otohime, kilichobuniwa mwaka 1988 ili kitoe sauti ya maji yanayotiririka na kufunika sauti nyinginezo, akaisikia sauti, akaamini amekwisha kusafisha choo, akaondoka. Mwingine hubonyeza chekundu, na baada ya muda mfupi husikia mlinzi akibisha na kuuliza kwa keigo kama mgonjwa yuko hai. Mnamo Januari 2017 watengenezaji walikubaliana kutumia alama za picha zinazofanana, hatua ya busara, ingawa vyoo vya zamani havikung'olewa.

Kuhusu taka yatosha kusema machache. Kila mji una kalenda yake ya siku za taka za kuchomwa, za plastiki, za makopo na za chupa, na mji mdogo wa Kamikatsu, mkoani Tokushima, hutenganisha taka katika mafungu zaidi ya 40. Mfuko uliotolewa siku isiyo yake hubandikwa karatasi ya onyo na kuachwa palepale, na kwa kuwa aghalabu mfuko huonyesha kilichomo, bahasha yenye jina la pekee la Kiswahili mtaa mzima hukata ubishi wote.

Anayejiandaa kuondoka kwa ajili ya mwaka wa masomo, ambao huko huanza Aprili, anaweza kupata masomo ya Kijapani yaliyotayarishwa kwa Kiswahili na idhaa ya kimataifa ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, bila malipo. Na ayasome mapema, ajifunze kukataa kabla ya kukubali, na akisimama mbele ya keshia aseme polepole, kwa lafudhi mbovu ya makusudi.