Namna ya Kujua Uzito Unaokufaa Bila Kumuuliza Shangazi

Hatua ya kwanza ni kumtoa shangazi kwenye jopo la wapimaji. Anakupenda, hilo halina ubishi, lakini majibu yake ni mawili tu. Ukinenepa, "mambo yamekunyookea." Ukikonda, "una nini, mwanangu?" na jioni hiyo hiyo simu za ndugu zinaanza kuita. Waliozika wapendwa wao miaka ya UKIMWI walijifunza kuogopa mashavu yaliyobonyea, na hofu hiyo ina heshima yake. Ila imetuachia desturi ya kupongeza kitambi kama cheti cha mafanikio, wakati kisukari na shinikizo la damu vinabisha hodi nyumba hadi nyumba.

Sasa panda mizani. Si ile ya stendi, ukiwa na begi mgongoni na buti miguuni, mizani yenyewe imekaa upande juu ya udongo. Wala usiiweke juu ya zulia. Itafutie sakafu ngumu, upime asubuhi ukishatoka msalani na kabla ya chai, bila viatu. Usipime tena jioni ili uchague jibu tamu: lita moja ya maji ni kilo moja, na pilau nayo haiingii tumboni bure.

Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo. Jibu ndilo BMI. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani, mtu mzima akiwa kati ya 18.5 na 24.9 yuko sawa. Kuanzia 25 amezidi, na 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia. Kwa hiyo mama mwenye urefu wa mita 1.65 anaruhusiwa kuwa popote kati ya kilo 50 na 68 hivi. Ni uwanja mpana. Akija mtu kukwambia kilo zako halali ni 58 tu, muulize anauza chai gani ya kupunguza tumbo.

Hesabu hiyo nayo usiisujudie. Aliyeitunga, katika karne ya 19, ni Adolphe Quetelet wa Ubelgiji, mtaalamu wa nyota na takwimu aliyekuwa akimsaka binadamu wa wastani, hakuwa daktari. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972, pale Ancel Keys wa Marekani na wenzake walipoipima kwa maelfu ya wanaume. Wanawake hawakuwamo. Halafu mwaka 1998 Marekani ikashusha mpaka wa uzito uliozidi, kutoka kama 27 hadi 25, na mamilioni ya watu waliolala wakiwa wa kawaida wakaamka wamezidi bila kula hata andazi. Kwa wenye asili ya Asia, na pwani yetu imejaa ndugu hao, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walipendekeza mwaka 2004 kwamba tahadhari ianze mapema zaidi, kwenye 23. Hesabu yenyewe haijui msuli wala mafuta. Hamali wa Kariakoo anayebeba magunia tangu alfajiri anaweza kupata 27 na tumbo lake likawa bapa.

Ndiyo maana nasema: nenda kwa fundi cherehani ukaazime futi kamba. Pandisha shati. Tafuta kwa vidole mwisho wa mbavu, kisha ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Kamba ipite katikati ya hapo, iguse ngozi bila kuibana. Toa pumzi kama kawaida. Usivute tumbo ndani. Najua mkeo ndiye ameshika kamba, usivute. Wala usilete ushahidi wa suruali. Bwana anayesema anavaa kiuno 34 tangu siku ya harusi anasema kweli tupu, maana mkanda umekuwa ukishuka mwaka hadi mwaka, na kitambi kimebaki juu yake bila kuhesabiwa.

Kiuno kisifike nusu ya urefu. Yule mama wa sentimita 165 abaki chini ya 82.5. Taasisi ya NICE ya Uingereza iliuweka ushauri huo kwenye mwongozo wake mwaka 2022, na sababu iko wazi: mafuta yanayojazana tumboni, yakazunguka ini na utumbo, ndiyo yanayoandamana zaidi na kisukari, presha na maradhi ya moyo. Asiye na futi achukue uzi wenye urefu wake mwenyewe, utosini hadi kisiginoni, aukunje katikati, auzungushe kiunoni. Ncha zikipishana, vema. Zikikataa kukutana, aende kituo cha afya akapimwe presha na sukari wiki hii, si baada ya sikukuu.

Mjamzito hahusiki na hesabu hizi. Kadi ya kliniki ndiyo mwongozo wake. Aliyevimba miguu naye asihangaike na mizani, amwone daktari.

Na aliyepungua bila kujaribu asikimbilie kushona nguo mpya. Mtu wa kilo 70 akipoteza kilo tatu na nusu au zaidi ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili, na hajabadilisha chakula wala hajaanza mazoezi, akapimwe kifua kikuu, sukari na tezi la shingo, hata kama ofisini kila mtu anamwambia amependeza.