Nyama Imekwama

Mswahili akikukaribisha nyama choma, ujue njaa yako ina dakika arobaini za kuvumilia, saa nzima kama mkaa una unyevu. Mbuzi keshachinjwa, chumvi na ndimu ziko tayari, moto umekolea. Unaagiza soda, mnazungumza siasa kidogo, sinia limefika. Sasa mchukue Mswahili huyo umpeleke Texas, ambako watu wazima wenye akili timamu huweka kidari cha ng'ombe motoni saa nne usiku ili kiliwe kesho yake mchana, halafu mwache peke yake na intaneti. Ndiyo yaliyompata mume wangu, Baba Salma.

Chanzo ni Lockhart, mji mdogo kusini mwa Austin ambao mwaka 1999 Bunge la jimbo liliutangaza kuwa makao makuu ya nyama ya moshi ya Texas. Tulitoka Houston kwenda kutembea tu, wala hatukuwa na nia mbaya. Pale Kreuz Market, ambayo ilianza mwaka 1900, nyama hupimwa kwa mizani ikawekwa juu ya karatasi, na kwa miaka mingi wenyewe hawakutaka kusikia habari ya uma wala sosi. Baba Salma alipoona Wazungu wenye kofia kubwa wanakula kwa mkono hadharani, akajiona kafika kwao. Akatia kidari kinywani, akafumba macho, akanyamaza muda mrefu. Nikajua tumekwisha.

Tangu siku hiyo nyumba ikageuka chuo, nami nikasoma bila kujiandikisha. Nikajua kwamba kuna jiko la kisanduku cha ubavuni: moto una chumba chake, nyama ina chumba chake, moshi ndio unaopita katikati kutafuta bomba la upande wa pili. Mafundi wa Texas hulichomelea kwa matangi chakavu ya gesi, na wapenzi wake wanakuapia kwamba ladha yake haina mpinzani. Wasichokitangaza ni kwamba kila baada ya robo tatu ya saa hivi linataka gogo jingine. Kuna la kauri lenye umbo la yai, Big Green Egg, lililoanzia Atlanta mwaka 1974 kwa kufuata majiko ya Kijapani ya kamado. Hilo linatunza joto usiku kucha kwa mkaa kidogo, ila lina uzito wa mtu mzima, na ukiliangusha limepasuka. Kuna la punje za vumbi la mbao lililoshindiliwa, ambalo Traeger wa Oregon walilileta miaka ya 1980: mota inasukuma punje, mtambo unalinda joto, mwenye nyumba anakoroma. Kuna la umeme, ambalo wenyeji wa hapa hulitaja kwa sauti ya chini wakiwa na watoto karibu. Na kuna pipa la lita 200 lililosimamishwa wima, mkaa chini, nyama juu, ambalo kwa kweli halikuhitaji mtu avuke bahari kulivumbua.

Kwa maoni yangu, ambayo hakuna aliyeyaomba, majiko haya hayapishani kwa bei wala kwa ladha kama yanavyopishana kwa usingizi. Muulize mnunuzi swali moja tu: uko tayari kuamka mara ngapi? Kwa mwanamume ambaye mtoto akilia usiku yeye hugeukia ukutani, nilipendekeza la punje. Akasema hilo si jiko, hiyo ni oveni inayojificha. Nikamkumbusha kwamba tayari tunalo lile la duara la Weber, ambalo George Stephen wa Chicago alilibuni mwaka 1952 kwa kukata boya la chuma: ukisogeza mkaa upande mmoja na nyama upande wa pili, ukatupia kipande cha mwaloni na kufunika, moshi ni ule ule.

“Mama Salma,” akanijibu kwa upole wa daktari mwenye habari mbaya, “haya mambo yana wenyewe.”

Likaja la kisanduku cha ubavuni. Si lile la tangi la gesi lenye chuma kinene, maana hilo bei yake ni ya gari lililotumika. Hili lilikuwa la bei nafuu, la bati jepesi, ndani ya boksi, vipande vipande. Liliposimama, skrubu za kujaza kiganja zikabaki mezani. Baba Salma akasema ni za akiba. Siku ya kulijaribu, moshi ulitokea milangoni, kwenye maungio na chini ya kila nati. Bomba peke yake ndilo lililobaki safi. Akanunua mkanda wa kuziba usioungua, akalizunguka jiko jioni nzima akiubandika, anaongea nalo. Kipimajoto cha mfunikoni kikawa kinasema uongo, tukakigundua kwa kukitia kwenye maji yanayochemka. Maji ya Houston huchemka kwenye nyuzi 212 za Kimarekani. Chenyewe kikang'ang'ania 160.

Mama mkwe akapiga simu kutoka Tanga siku hizo hizo, mwanawe akamsimulia kwamba atapika kidari kwenye nyuzi 225 kwa saa kumi na nne. Kimya kikapita.

“Mpe mkeo simu,” akasema. Nilipopokea akaninong'oneza, “Mwanangu, huyo mtu analala vizuri?”

Nikamweleza kwamba ni nyuzi za Kimarekani, kwa zetu ni 107 tu. Ndiyo ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa alitaka kujua moto wa namna hiyo unaivisha nini.

Karamu tukaipanga Jumamosi, watu waje saa nane mchana. Ijumaa usiku mvua ikanyesha, bwana akataka kuliingiza jiko gereji. Hapo nilificha kiberiti mpaka alipokubali kufunga turubai uani, maana hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na haijali kwamba umealika wageni. Saa tisa usiku nikachungulia dirishani. Alikuwa amechuchumaa mbele ya kisanduku kwa msuli na koti la mvua, tochi kichwani, gogo la mwaloni mkononi. Alipolitia, bomba likatoa moshi mweupe mzito, ule ambao huiachia nyama uchungu wa masizi. Akafungua tundu la hewa kidogo, akasubiri, akafungua tena. Polepole moshi ukapungua, ukabaki uzi mwembamba wa buluu ambao bila tochi usingeuona. Akatabasamu peke yake. Sijawahi kumwona akiamka hivyo kwa ajili ya kiumbe yeyote, na tuna watoto wawili.

Wageni wakafika saa nane kamili, jambo ambalo Watanzania wa Houston hawajalirudia tena. Nyama ilikuwa imegota kwenye nyuzi 155 tangu asubuhi. Hivyo ndivyo kidari kilivyo: kinapanda vizuri, kisha kinatoa jasho, na jasho likikauka linaipoza nyama kwa kasi ile ile moto unavyoipasha. Mshale hausogei saa nyingi. Dawa yake ni kukifunga kwenye foili au karatasi ya bucha, lakini Baba Salma alikuwa amesoma mahali kwamba kufunga ni udanganyifu.

“Shemeji, nyama iko wapi?” akauliza rafiki yake.

“Imekwama.”

“Imekwama wapi, kwenye foleni?”

Wakala pilau lote na kachumbari, wakamaliza na ndizi za watoto. Kila baada ya muda mmoja wao alijipitisha uani akainua mfuniko, joto likatoroka, na jirani yetu Mmarekani akapaza sauti juu ya ua kwamba anayechungulia hapiki. Mzee mmoja wa kutoka Pangani, aliyemtembelea binti yake, akavuta kiti karibu na jiko, akalitazama lile bomba muda mrefu.

“Binti yangu,” akaniambia, “hii nyama mmeitia moto au mmeifukiza udi?”

Saa kumi na moja nikaingia uani na karatasi ya bucha bila kuomba ruhusa. Saa moja na nusu kipimajoto kikasoma 203, kijiti kikapenya nyama bila kubishiwa. Nikataka ipumzishwe kwanza, kama inavyotakiwa, lakini ule umati haukuwa wa kuambiwa habari za kupumzika. Kisu kilipokata lile gamba jeusi, mafuta yakatiririka ubaoni, na uani kukawa kimya kwa mara ya kwanza tangu mchana. Mzee wa Pangani akala, akaongeza, akafunga nyingine kwenye leso.

Akiaga akamvuta Baba Salma pembeni, akamuuliza kama jiko hilo linaweza kupakiwa kwenye kontena la Dar. Nikaingilia kati: gharama ya nini, anunue pipa lililobeba mafuta ya kula, si kemikali, alipeleke kwa mafundi wa Gerezani watoboe matundu ya hewa chini, waweke wavu juu na mfuniko wenye bomba. Kuni za mwembe zitatosha.

“Watanielewa nikiwaambia nataka nini?”

“Waambie ni jiko la moshi, mzee.”

Akafikiri. “Hapana. Nitawaambia wanitengenezee chetezo cha ng'ombe.”