Tunaomba Tuandikishwe Kama Fomu

Kwa Waheshimiwa Wakubwa wa Misaada na Ujenzi wa Amani,
Popote mlipohamishia ofisi zenu.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu, sisi huku hatujambo, kwa kiasi ambacho fomu inaruhusu. Kwanza poleni na safari. Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi mwishoni mwa Januari 2025, tulisikia kwamba wengi wenu nanyi mliondoka. Nyinyi mlihamishwa, sisi tulikimbia, lakini mabomu yalikuwa yale yale. Sijui kama huko mlikofikia kuna mtu aliyewapokea na tableti mkononi akawauliza mnakula mara ngapi kwa siku. Kama hakuna, semeni. Uzoefu tunao, tutawatumia mtu.

Kilichotufanya tuandike ni hili la kuhesabiwa. Tangu Rutshuru ichukuliwe Oktoba 2022 tukashuka hadi Kanyaruchinya, tumehesabiwa juu ya mawe ya volkano, tumehesabiwa Bulengo, tumehesabiwa kwenye foleni ya maji ndoo zikiwa tupu. Wa chakula akimaliza anakuja wa maji, wa maji akimaliza anakuja wa kuwahakiki waliohesabiwa na wa chakula. Wote wana vizibao safi, na wote huuliza kama nyumba ina paa, huku wamesimama chini ya paa hilo hilo la turubai wakikwepa matone. Kisha asanteni kwa ushirikiano, na gari linageuka. (Kuna nyakati unga ulikuja kweli, na mafuta yakaja. Walioleta tunawaombea hadi leo. Barua hii si yao.)

Tumekaa, tumetafakari, tumeona kosa si lenu. Kosa ni kwamba sisi ni watu. Kwa hiyo tunaomba, kwa heshima zote, tuandikishwe kama fomu.

Fomu hailali nje. Siku moja pale Bulengo mvua ilitukuta katikati ya mahojiano. Kijana wa tathmini alikuwa amefika kwenye swali la paa. Akavua koti lake la mvua, akazifunika fomu, akazipakata kama kichanga, akakimbia nazo hadi garini. Mama aliyekuwa akihojiwa alibaki pale pale juu ya ndoo yake, ameinua vidole viwili, maana alikuwa hajamaliza kutaja watoto.

Fomu ina mlinzi. Usiku inafungiwa kabatini, kabati liko ofisini, ofisi ina ukuta na senyenge, na langoni yupo mtu analipwa kukesha. Fomu ina nakala, sisi hatuna. Fomu ina namba, na namba moja ikikosekana watu wazima hawalali. Tena inasafiri. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa, fomu hazikukwama: zimefika Nairobi, zimefika Geneva, na hakuna aliyeziuliza viza. Februari 2025 tulipoambiwa na waasi tuondoke kambini kwa hiari, na hiari yenyewe ilikuwa ya saa 72, vibanda vilibomolewa, sisi tukatawanyika na masufuria kichwani. Orodha haikutawanyika. Tulifika kijijini tukakuta shamba limekuwa pori, na orodha imekwisha kutupa jina jipya: waliorejea.

Utekelezaji hautakuwa mgumu. Kukunjwa tumezoea. Wino upo, ule mliotupaka vidoleni haujatoka vizuri. Wajawazito waandikwe kuwa wana kiambatisho. Wazee waende moja kwa moja kwenye kumbukumbu. Aliyepoteza mguu mabomu yalipoangukia kambi za Mugunga, tarehe 3 Mei 2024, aandikwe "taarifa pungufu", lakini asitupwe, kwa kuwa fomu pungufu hurudishwa kwa mhusika aikamilishe, nasi tungependa sana kumwona akiikamilisha. Mkimaliza, mtupitishe kwenye ile plastiki ngumu ya vitambulisho vyenu, mbele na nyuma, tuone mvua itaingilia wapi.

Kuhusu amani hatuna makuu. Mikataba kwetu haijawahi kuadimika: wa Goma wa Januari 2008, wa tarehe 23 Machi 2009, uliofana hata waasi wakaichukua tarehe yake kuwa jina lao, wa Addis Ababa wa 2013, kisha Nairobi, Luanda, Washington, Doha. Ombi letu ni kwenye semina tu. Kila semina, hotelini kando ya Ziwa Kivu, huchorwa mti wa migogoro, na mjane hupewa kikaratasi cha njano akabandike mzizi wake. Kwa miaka yote hii mti huo utakuwa umekwisha kukauka. Tupewe kuni.

Maana kuni ndizo zinazotumaliza. Wanawake wetu walizifuata katika msitu wa Virunga wakabakwa, na fomu ikawauliza huenda kutafuta kuni mara ngapi kwa wiki. Mtaalamu mmoja akawashauri waende kwa makundi. Makundi! Makundi ndiyo yaliyokuwa yakiwasubiri huko.

Mtoto wa jirani yangu aliandikwa akiwa hai, Kanyaruchinya, wakati ule wa kipindupindu. Walipokuja kuhakiki hakuwapo. Mama yake akasema amefariki, na binti wa tableti, bila kuinua macho, akauliza kama kaya ina cheti. Cheti hakikuwapo. Maji pia hayakuwapo, na hilo lilikuwa limeandikwa mapema, lina namba, lina sahihi. Mlijua. Hakuna mlichotuuliza ambacho mlikuwa hamkijui.

Mtuwie radhi, Waheshimiwa. Moshi umeniingia machoni, hizi kuni ni mbichi.

Yaliyobaki ni madogo. Fulana za amani zije na mikono mirefu, huku chini ya Nyiragongo kuna baridi. Mnaopiga picha za watoto, wapigeni baada ya kula, hata kama itabidi msubiri. Na kile kibao chenye nembo zenu kinachoelekeza kwenye choo kilichojaa, tafadhali kisiondolewe. Bati lake ni zima kuliko mapaa yetu yote. Tunaomba vibao zaidi. Choo si lazima.

Mkituma timu ya kuitathmini barua hii, waje alfajiri. Mchana tunakuwa kwenye mashamba ya watu tukilima vibarua, na jioni tunahesabiwa na wenzenu.

Wenu mtiifu,
Mkuu wa Kaya,
Safu ya "Mengineyo (taja)"