Lita 32 za Kufika Gongoni

Pikipiki ikikuzimikia barabarani kwa kukosa mafuta, huo ni mkosi. Ikikuzimikia katikati ya daraja la Kilifi, hilo ni tamasha. Daraja lile lina urefu wa mita 420 hivi, halina mti, halina kivuli, halina pembe ya kujifichia mtu mwenye haya. Kabla halijafunguliwa mwaka 1991 watu walivuka kwa feri pale Mnarani, na sidhani kama kuna abiria wa feri aliyewahi kupigiwa honi na lori la saruji huku anaitikisa pikipiki kama anayetikisa mnazi udondoshe dafu. Mimi nilipigiwa. Makanga wa matatu akatoa kichwa dirishani na kunishauri niruke, nimalizie safari kwa kuogelea.

Aliyeniokoa ni kijana wa bodaboda. Hakuuliza kitu. Aliichukua pikipiki mikononi mwangu, akailaza ubavu wa kushoto mpaka kioo kikaibusu lami, akangoja kidogo, akaiinua, akapiga kiki moja tu. Ikanguruma.

"Tangi limekalia fremu kama shogi juu ya punda, mzee," alisema. "Mafuta ya upande wa kulia hayawezi kupanda mgongo yakaja kwenye koki. Lazima uyamwagie huku." Kisha akainama kuitazama koki yenyewe. "Na hii rizavu umeifungua lini?"

Nikafikiri. Pikipiki niliinunua kabla ya Ramadhani. Ilikuja hivyo hivyo.

Alinitoza shilingi 50. Akasema si za kazi, ni za somo.

Niseme kidogo juu ya pikipiki hii, maana si ya kubebea abiria. Niliuziwa na Mwitaliano aliyekuwa anafunga nyumba yake Malindi na kurudi kwao, na Malindi ni mji ambao hata mtoto muuza kashata hukuamkia kwa "ciao". Ni pikipiki ya safari za mbali, za jangwani na milimani: ndefu, nyembamba, shingo juu. Mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China zawadi ya twiga. Kila nikiipanda pikipiki hii nahisi ninajua mabaharia waliombeba walipata taabu gani. Miguu yangu hufika chini kwa zamu. Wa kushoto ukikanyaga, wa kulia unaning'inia.

Na mnyama mzima huyo ana tangi la lita 9.

Baada ya aibu ya darajani nikaanza kupiga hesabu. Nilijaza tangi Malindi, nikaenda Kilifi na kurudi, kama kilomita 120, nikajaza tena: lita 4.6. Maana yake kilomita 26 kwa lita, na tangi zima ni kilomita 234. Hapo ndipo shetani alipovuta kiti. Kwa muda mrefu nilikuwa na ndoto ya kwenda Moyale kwa pikipiki, na kutoka Marsabit hadi Moyale ni kilomita 250 hivi. Nilipungukiwa na kilomita 16. Kilomita 16 hizo zilininyima usingizi kuliko deni lolote nililowahi kuwa nalo.

"Moyale kuna nini?" aliuliza mke wangu.

"Mpaka."

"Mpaka hata Lunga Lunga upo."

Nikamweleza habari ya kilomita 16. Akanisikiliza huku anachambua mchicha. "Si ni kama hapa na Mambrui tu? Halafu katikati kuna Turbi, kuna Sololo. Au watu wa huko pikipiki zao zinatumia maziwa ya ngamia?"

Mwanamume akishajaza daftari kwa hesabu, jibu la namna hiyo humkaa rohoni lakini halimzuii. Mimi nilikuwa nimekwisha kusoma habari za wakubwa. Mbio za kwanza za Paris–Dakar, zilizomalizika Januari 1979, alizishinda Mfaransa Cyril Neveu juu ya Yamaha XT500. Na mwaka 1983 kampuni hiyo ikatoa pikipiki iliyoitwa Ténéré, kwa jina la jangwa la Niger, ikiwa na tangi la karibu lita 30. Lita 30! Nililitazama tangi langu, nikaliona kama birika.

Nilianza na njia za bure. Upepo ndio mlafi mkubwa wa mafuta: ukienda kasi maradufu, nguvu ya upepo inayokusukuma nyuma haiwi mara mbili, inakuwa mara nne. Basi nikashusha mwendo hadi 50 na kulalia tangi kidevu kikigusa kifuniko. Kati ya Gede na Malindi nilipitwa na tuktuk iliyobeba kabati na mwenye kabati, akiwa amelikumbatia, akinitazama kwa huruma. Nikabadili mbinu, nikaanza kujificha nyuma ya malori ya chumvi yanayotoka Gongoni na Marereni. Nyuma ya lori hakuna upepo, hilo ni kweli, na mafuta niliokoa. Ila chumvi hupeperuka. Nilifika nyumbani nimekauka, midomo imepasuka, nyusi nyeupe. Mke wangu akasema bado kunianika juani tu, nami niuzwe ng'onda.

Wazee wetu hawakuhangaika hivi. Walijua kusi ni ya kwenda na kaskazi ni ya kurudi, wakaketi barazani wakingoja msimu. Asiyejua kungoja alikuwa Vasco da Gama. Aprili 1498 Sultani wa Malindi alimpa rubani, upepo ukamsukuma, na haukutimia mwezi wakawa wameiona India. Kurudi akajifanya mwenye haraka, akaondoka kabla ya msimu. Bahari ile ile ikamchukua karibu miezi mitatu, mabaharia wakifa kwa kiseyeye, akaingia Malindi Januari 1499 hoi bin taabani. Huyo ndiye msafiri wa kwanza ninayemjua aliyekwama njiani kwa kupuuza hesabu ya nishati, na Malindi walimpa machungwa. Mimi Kilifi niliambiwa niogelee.

Nikaenda kwa fundi.

Nilimkuta amelala chini ya tuktuk. Nikamweleza Dakar, nikamweleza Ténéré, nikamweleza Moyale. Akatoka, akafuta mikono, akaingia bandani, akarudi na mtungi wa manjano wa mafuta ya kupikia. Lita 20. "Tangi lako hili hapa," alisema.

Nilikuwa nimetarajia jerikeni la chuma, kama lile Wajerumani walilobuni mwaka 1937, ambalo Waingereza waliliiga vitani na kulipa jina la utani walilowaita nalo Wajerumani wenyewe. Fundi akanitaka nisimletee vita. Mtungi uliotosha kukaangia mahamri utatosha kwa pikipiki. Akaufunga juu ya keria, akapitisha mpira kutoka chini yake hadi kwenye tangi, akanieleza siri ya mtambo kwa maneno ambayo hadi leo nayakubali: "Injini ikinywa, tangi la mbele litapungua. Likipungua litamnyonya mwenziwe wa nyuma, kama mtoto na titi. Lakini la mbele lisivute hewa, ama litashiba upepo. Na la nyuma lazima livute hewa, ama litakaba. Mmoja afunge mdomo, mmoja aufungue. Kama ndoa."

Tundu la hewa la kifuniko cha mbele akaliziba kwa sabuni ya kipande. Hiyo ni elimu ya mafundi wa pwani nzima: sabuni haiyeyuki kwenye petroli, na tangi likivuja barabarani wao hulisugua kipande, safari ikaendelea. Kifuniko cha nyuma akakitoboa kwa msumari. Nilitoka pale nikiwa mwanafunzi mzuri. Mzuri kupita kiasi, kama utakavyoona.

Kuujaza mtungi kulinitoa jasho. Kwenye kituo cha mafuta mhudumu alikataa katakata kutia petroli kwenye plastiki, na alikuwa na haki yote. Basi nikawa najaza tangi la mbele, narudi nyumbani, nafyonza kwa mpira mpaka mtungini, naenda tena. Safari tatu. Kila safari mdomo wangu ulitangulia kuonja. Usiku ule nilikuwa nikicheua, natoa super. Mke wangu akanihamishia mkeka uani na kunikataza nisikaribie jiko hadi asubuhi. Juu ya hayo nikajaza chupa 6 za soda za nusu lita, nikazining'iniza kwenye usukani. Jumla lita 32, zaidi ya shilingi 5,000, zikiwa zimenunuliwa jioni ya tarehe 14, kabla mamlaka ya nishati, EPRA, haijatangaza bei mpya ya mafuta, kwa hiyo nilijiona mjanja mara mbili. Kilomita 832 bila kumwomba mtu!

Niliondoka alfajiri. Petroli ni nyepesi kuliko maji, lakini lita 20 si chini ya kilo 14, na zote zilikuwa nyuma yangu, juu. Gurudumu la mbele likawa linaigusa lami kwa adabu tu. Nilivuka daraja la Sabaki kama mtu anayeendesha ngazi. Kufika matuta ya Mambrui, kila nikiruka, mtungi unanitemea mgongoni kupitia lile tundu la msumari. Shati likalowa, suruali ikalowa, na petroli ikifika pahali penye ngozi laini huwasha kwa namna ambayo gazeti haliwezi kuieleza.

Nikasimama. Nikakumbuka elimu. Nikatoa kipande cha sabuni nilichobeba kwa dharura, nikaliziba lile tundu vizuri kabisa, nikajisifu, nikapanda.

Pikipiki ilikohoa kwenye vichuguu vya chumvi vya Gongoni, ikakohoa tena, ikazima mbele ya steji ya bodaboda. Vijana kumi na mbili hivi, mama mmoja wa viazi karai, na ami mmoja aliyeketi juu ya kreti anasuka ukambaa.

"Vipi, ami? Mafuta yamekwisha?" aliuliza mmoja.

"Yapo."

"Kiasi gani?"

"Kama lita 31."

Pakawa kimya. Mwingine akazunguka nyuma, akaita wenziwe. Mtungi wangu ulikuwa umeingia tumbo ndani, mbavu zimegusana, kama mtu aliyefunga siku tatu bila kufuturu. Injini ilikuwa imenyonya na kunyonya, na mimi nimeziba midomo yote miwili. Ndoa ilikuwa imenuniana.

Kijana akachokoa sabuni ya nyuma kwa kijiti. Mtungi ukavuta pumzi, tumbo likatoka, pum! Wakashangilia. Mwenzake, asije akaonekana hajui kitu, akafungua kifuniko cha mbele. Hapo nikagundua jambo ambalo mimi na fundi hatukulitaja: ule mpira haukuwa na koki. Mtungi uko juu, tangi liko chini na limejaa pomoni, na petroli hufuata mteremko kama maji. Ikaanza kufurika juu ya injini ya moto.

Hapa sicheki. Mama wa viazi alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliliepua karai, akalifukia jiko kwa mchanga kwa mguu wake, kisha akanitukana kwa Kigiriama, na nilistahili. Aliyekuwa na sigara alikwisha kukimbilia upande wa pili wa barabara. Wengine walirudi nyuma hatua kumi, wakatazama, wakaona hakuna moto, na papo hapo wakakumbuka bei ya lita.

Sijawahi kuona vyombo vikipatikana kwa kasi ile. Chupa za maji, kibuyu, sufuria, debe, kofia ya pikipiki. Mmoja aliisukuma boda yake mpaka chini ya mbubujiko, akafungua tangi, akakinga moja kwa moja. Mimi nilikuwa nimeubana mpira kwa vidole, unateleza, naubana, unateleza, mpaka yule ami akaweka ukambaa wake chini, akaja polepole, akaukunja ule mpira mara moja kama unavyokunja jani la mnazi, akaufunga kwa kamba ya kiatu changu.

"Mngeukunja tangu mwanzo," alisema, akarudi kwenye kreti yake.

Mtungini zilibaki lita 4 hivi. Nyingine zilikwenda wapi kila mtu alijua, hakuna aliyeuliza. Hadi leo nikipita steji ile naitwa Kuwait. Mwanzoni nilinuna, siku hizi naitikia. Siku ile vijana waliona vibaya niondoke mikono mitupu, wakachanga, mmoja akakimbia akaniletea mfuko mzito akaufunga kwenye keria, mahali pa mtungi. Mtungi niliuacha. Mama wa viazi hakuutaka hata bure.

Nilifika nyumbani kabla ya adhuhuri, kiatu kimoja hakina kamba. Mke wangu alikuwa anaanika nguo.

"Umeshafika Moyale?"

"Nimefika Gongoni."

Akaunusa upepo, akasogeza nguo zake upande wa pili wa kamba. "Na umeniletea nini?"

"Chumvi," nikasema. "Kilo tano."

Akaupokea mfuko, akaupima kwa mkono, akanitazama juu mpaka chini.

"Angalau hii haishiki moto," alisema, akaingia nayo jikoni. Mimi nikabaki uani mpaka jioni.