Boya Lenye Dirisha

Chombo cha kuzamia kinaweza kumwaibisha mwenyewe kwa njia nyingi, lakini hakuna inayochoma kama kukataa kuzama mbele ya watu, hasa pale mvuvi mzee, maji yakimfika kiunoni, anapokigonga ubavuni na kuuliza kwa adabu zote kama boya hilo linauzwa. Swali hilo liliulizwa katika ufukwe mmoja wa Tanga, na rubani, kijana wa miaka 15 aliyejikunja ndani ya pipa la bluu la lita 200, alilisikia neno kwa neno.

Chanzo cha aibu hiyo ni hesabu, na hesabu yenyewe ni tamu kiasi kwamba si haki kuipita mbio. Kitu kilichotiwa majini husukumwa juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji yaliyokipisha. Hiyo ndiyo kanuni ya Archimedes. Kwa kuwa lita moja ya maji ya bahari huzidi kilo 1 kidogo, pipa la lita 200 likizama lote husukumwa juu kwa takriban kilo 205, ilhali pipa tupu na kijana mwembamba kwa pamoja hawavuki kilo 60, na hivyo huhitajika kilo 145 za farumi, yaani uzito unaopakiwa ili chombo kishuke na kutulia. Rubani na wavumbuzi wenzake walikusanya kilo 100 tu za mawe ya matumbawe wakayafunga nje kwa wavu, maana ndani magoti yalikwisha kumaliza nafasi. Hapo ndipo palipo na siri: jiwe lililo ndani ya pipa kavu huhesabiwa uzito wake wote, lakini lililo nje nalo husukumwa na maji, na ikiwa lita yake moja ina kilo 2, nusu ya uzito huyeyuka mara linapozama. Mwanafalaki Edmond Halley, aliyebuni kengele ya kuzamia huko Uingereza mwaka 1691, aliifunika kwa madini ya risasi, ambayo hupoteza majini chini ya sehemu moja ya kumi. Lakini Halley hakutegemea mawe ya bure. Kilo 100 za Tanga zikawa 50, karibu nusu ya pipa ikabaki juu, na kwa kuwa wavu ulielemea upande mmoja, pipa likalala chali, na dirisha la kutazamia samaki likaonyesha mawingu na ndevu za mvuvi.

Chombo cha pili, ndoo ya kuvaa kichwani yenye mpira wa bustani, kilijaa maji hadi puani. Cha tatu kilizama vizuri sana, bila mtu ndani, na hakijaonekana tena.

Ikumbukwe kwamba rubani huyo alikuwa na alama zote za mtihani kuhusu Archimedes. Aliikariri kanuni kwa Kiingereza, lugha ambayo hakuna mvuvi wa ufukwe ule aliyeitumia kupakia farumi, katika darasa ambalo bahari ilionekana dirishani na ambalo halikuwahi kuingizwa hata ndoo moja ya maji. Hilo halichekeshi, na mawe hayana lawama.

Pipa liliuzwa jioni ileile. Mvuvi alipunguza bei kwa sababu ya dirisha, akieleza kwamba boya halina haja ya kuona.