Bei Imekwea, Ladha Imeteremka

Hoteli ile ya kifahari ya Lushoto siitaji jina. Wahudumu wake wana adabu kuliko jiko lake. Tuliipandia kona zote za barabara ya Mombo kwa ajili ya supu yake ya mboga iliyotukosha zamani. Kitambaa cheupe kipo, moto wa kuni unawaka. Menyu imevishwa jalada la ngozi, na bei zilizomo zimekwea mlima bila kupumzika hata Soni. Ladha ndiyo iliyopanda basi la kuteremka.

Supu ilinukia pakiti. Juisi ilikuwa ya boksi, na boksi lenyewe limevuka bahari. Nje ya dirisha, lori lililosheheni kabichi na karoti za Usambara lilikuwa linashuka taratibu.

“Kijana, mboga za hapa ziko wapi?”

“Zinaenda Kariakoo, mzee. Wageni wetu wanapenda vya nje.”

Wajerumani waliupa mji huu jina la mfalme wao, Wilhelm wa Pili, wakauita Wilhelmstal. Mwenyewe hakukanyaga hapa hata siku moja. Labda alitanguliza mtu aonje.