Mwongozo wa Mvivu: Jinsi ya Kukwepa Kazi Ngumu ya Kuiba Maandishi

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wavivu, na nawapenda kwa dhati, kwa sababu wao ndio wanaodanganywa kila mwaka kwamba kunakili ni njia ya mkato. Rafiki huwapa desa, mwenye stesheneri huwauzia tasnifu ya mwaka juzi ndani ya flashi, na hakuna anayewatajia kazi inayowangoja mbele. Kuiba maandishi kunachosha kuliko kuandika. Ni ajira isiyo na likizo wala kustaafu. Kama kweli unapenda kupumzika, nisikilize.

Tuanze na hesabu ya jasho. Mwizi wa aya moja lazima kwanza aisome. Kisha abadilishe neno hili na lile ili isifanane na ya mwenyewe. Kisha aondoe kila mahali palipotajwa Morogoro, kwa sababu utafiti wake yeye ni wa Mtwara. Kisha akumbuke kufuta "tazama Jedwali la 4", jedwali ambalo hana. Akisahau kimoja tu, kazi yote imeharibika. Nimewahi kusoma pendekezo la utafiti kuhusu wavuvi wa pwani ambalo, katikati ya safari, liliahidi kuwahoji wafugaji wa ng'ombe na kupima malisho yao. Mwenye pendekezo alikesha kubadilisha "mifugo" kuwa "samaki", usingizi ukamchukua kabla hajafika ukurasa wa 11.

Wengine huiachia programu ya kompyuta ibadilishe maneno kwa niaba yao. Mwaka 2021 Guillaume Cabanac, mtaalamu wa kompyuta wa Toulouse nchini Ufaransa, na wenzake walianika makala za kisayansi zilizopitishwa katika mashine za aina hiyo. Saratani ya matiti ilikuwa imegeuka kitu kama "hatari ya kifuani", na akili mnemba ikawa "fahamu ghushi". Makala hizo zilikuwa zimeshachapishwa. Fikiria kusimama mbele ya jopo kutetea hatari ya kifuani.

Wako pia wanaoamini kwamba tafsiri husafisha kila kitu: chukua kitabu cha Kiingereza, kigeuze Kiswahili, basi kimekuwa chako. Hao niwasimulie habari za Pál Schmitt. Alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mchezo wa kupigana kwa vitara, na mwaka 1992 alipata shahada ya udaktari kwa tasnifu kuhusu Michezo ya Olimpiki ya kisasa. Mwaka 2010 akawa Rais wa Hungaria. Mapema mwaka 2012 waandishi wa habari wakafichua kwamba sehemu kubwa ya tasnifu ile ilitoka katika kazi ya mtafiti wa Bulgaria, Nikolai Georgiev, ikageuzwa Kihungaria. Chuo Kikuu cha Semmelweis kilimvua shahada mwezi Machi, na tarehe 2 Aprili akajiuzulu urais. Miaka 20 alikuwa akibeba siri ile, kwenye mikutano, kwenye gwaride, kwenye picha za ukutani. Mwaka mmoja kabla yake, Waziri wa Ulinzi wa Ujerumani, Karl-Theodor zu Guttenberg, aling'oka kwa kosa hilohilo, baada ya watu waliojitolea kuichambua tasnifu yake mtandaoni ukurasa kwa ukurasa.

Sasa sikia njia ya mvivu. Unaposoma, andika papo hapo: nani, mwaka gani, kitabu gani, ukurasa wa ngapi. Usingoje jioni. Maneno ya mwandishi yatie alama za kunukuu hata kwenye daftari lako la chumbani, maana baada ya miezi mitatu utayakuta humo, yatakupendeza, na utadhani ni yako. Wizi mwingi wa wanafunzi nilioukamata mimi ulianzia hapo, kwenye daftari chafu, bila nia mbaya yoyote. Na ukitaka kueleza jambo kwa maneno yako, funga kitabu. Kifunge kweli. Mweleze mwenzako wa chumba ulichoelewa, akikuuliza swali mjibu, halafu andika ulivyomjibu. Kisha weka jina la mwandishi vilevile, kwa sababu sentensi ni zako lakini wazo bado ni lake.

Hapa watu huchanganya mambo mawili, na mchanganyiko huo unawatia hofu pasipostahili hofu. Hakimiliki ni sheria. Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya inayo ya mwaka 2001, na zote hulinda kazi ya fasihi kwa uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ulinzi huo unaanza pale kazi inapoandikwa. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi zote mbili zimejiunga nao, hautaki mtu asajili chochote kwanza. Kwa hiyo kitabu kisicho na alama yoyote ya hakimiliki nacho kina mwenyewe, na kukitoa kopi kizima pale stesheneri ni kuchukua mali ya mtu. Lakini sheria hiyohiyo inakuruhusu kunukuu sehemu kwa ajili ya utafiti na uhakiki, mradi umtaje mwandishi. Huhitaji kumpigia simu mtu ili unukuu mistari yake miwili. Tulia.

Wizi wa kitaaluma ni jambo jingine, nao hauna kikomo cha miaka. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki katika karne ya 19. Mashairi yake hayana mwenye kudai mrabaha. Hata hivyo ukiyaingiza katika tasnifu bila kumtaja, umeiba. Na ukimtaja Muyaka, mtaje pia Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyeyakusanya na kumfafanulia mmishonari William Taylor. Bila kazi yake mengi yangepotea. Nasisitiza hili kwa sababu nasikia vijana wakisema marejeleo ni adabu ya Wazungu. Watunzi wetu wa tenzi walifunga kazi zao kwa kutaja jina lao na tarehe, hata hesabu ya beti, ili mnakili wa kesho asipunguze wala kuongeza. Wanachuoni wa Hadithi hawakukubali kauli mpaka watajiwe fulani aliyeipokea kwa fulani, hadi mwisho wa mnyororo. Mtoto wa madrasa anajua marejeleo kabla hajaiona Turnitin, programu ya kukagua mfanano wa maandishi.

Kuhusu Turnitin yenyewe, nitasema machache. Ile asilimia huonyesha maandishi yanayofanana na mengine, haijui nani mwizi. Asilimia 30 yaweza kuwa nukuu halali na orodha ya marejeleo, na asilimia 8 ikawa sura nzima ya mtu mwingine imelala humo. Usiikimbize namba. Na akili mnemba ukiitumia, kagua kila kitabu inachokutajia, maana hutunga vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa, pamoja na waandishi wake.

Kulipa mtu akuandikie ndiyo njia inayoniumiza zaidi. Kenya ina vijana wengi wenye shahada wanaoishi kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Uingereza na Marekani. Filamu ya mwaka 2024, The Shadow Scholars, inayomfuata Profesa Patricia Kingori wa Oxford, imewaonyesha. England imeifanya biashara ya kuuza insha hizo kuwa kosa la jinai tangu mwaka 2022. Wale vijana wanajua mada za uuguzi, sheria na falsafa, na hakuna hata karatasi moja yenye majina yao. Ukimlipa mtu wa namna hiyo hapa nyumbani, unanunua ukimya wake na unabaki na hofu ya kuulizwa swali moja tu kwenye utetezi.

Jambo la mwisho halimo katika vitabu vya mbinu za utafiti kama inavyostahili. Tasnifu zetu nyingi zimejengwa kwa maneno ya wazee: mganga anayejua majani, nahodha anayejua pepo, bibi anayejua nyimbo za unyago. Wanaingia kwenye tasnifu kama "mhojiwa wa 7", na elimu yao inatoka humo ikiwa na jina la mtafiti. Wapo wanaotaka kufichwa, na haki yao iheshimiwe. Wengine hawakuulizwa kamwe. Basi kabla hujazima kinasa sauti, muulize: "Babu, niandike jina lako, au nilifiche?" Akisema andika, muulize na jina la baba yake na la mtaa wake, maana akina Salim ni wengi, kisha msomee ulivyoliandika akurekebishe.